Salama ya Saa Moja Kasorobo

Kwetu Tanga, mtu akikukuta unaokota meno yako barabarani atakuuliza hujambo, nawe utamjibu sijambo. Ndivyo tulivyolelewa. Unaulizwa habari za asubuhi, unasema nzuri; za nyumbani, nzuri; za watoto, nzuri; na zikishaisha nzuri zote hizo ndipo unapopata upenyo wa kusema, "Ila baba amefariki jana." Nimekaa Toronto miaka ishirini na kitu na bado najibu hivyohivyo. Siku moja msimamizi wangu ghalani, huko Malton, alinikuta kidole kimebanwa na mbao za mzigo, damu inachuruzika, akaniuliza vipi. Nikamwambia safi tu. Alinitazama kama vile nimemkosea adabu, na kwa kweli sikuelewa alitaka nimwambie nini kingine.

Mama yangu alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alipokuwa bado Tanga, kabla sijamleta huku, alianza kuanguka. Anasimama, kizunguzungu, chini. Nilikuwa nampigia simu kila siku, na kwa wiki tatu nzima aliniambia salama. Nilikuja kuambiwa ukweli wakati ameshapelekwa India, ameshawekewa kifuani kile kidude cha kusukuma mapigo ya moyo, ambacho sisi tulikiita betri, na ameshashonwa. Nilimgombeza sana kwenye simu. Akanisikiliza mpaka nilipochoka, kisha akauliza, "Ungefanya nini, na wewe uko huko?" Nikakasirika zaidi.

Basi baba alipofariki nikamleta, akakaa nasi Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja. Sikutaka tena kudanganywa na simu. Lakini maisha ya huku unayajua mwenyewe: mimi naondoka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la Malton, mke wangu anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee na anarudi saa tatu na nusu asubuhi. Katikati hapo mama anakuwa peke yake. Kwa hiyo simu ikabaki palepale. Kila siku saa moja kasorobo, tukipewa dakika kumi za chai, nilikuwa nampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi."

Halafu ananipa taarifa ya lifti. Lifti ya jengo letu ilikuwa inaharibika mara kwa mara, na mama aliifuatilia kama watu wengine wanavyofuatilia mpira. Dakika kumi zinaisha hivyo, nami narudi kwenye mizigo nimetulia.

Asubuhi ninayoizungumzia, simu iliita muda mrefu kuliko kawaida. Nilikuwa karibu kukata alipopokea. Sauti yake ilikuwa mbali, kama mtu anayesema toka ndani ya pipa. Nikamwamkia. Kimya. Kisha, "Marahaba." Nikamuuliza ameamkaje. Kimya tena, halafu, "Salama." Hakusema alhamdulillahi. Nikauliza habari za lifti, akajibu "Mm." Nikamwambia haya mama, nitakupigia baadaye, nikakata. Zilikuwa zimebaki dakika saba. Nilizitumia kunywa chai.

Saa tatu na nusu mke wangu akanipigia. Alikuwa ameingia tu nyumbani, amemkuta mama kwenye kochi sebuleni, kajitanda kanga yake vizuri, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia.

"Baba watoto, mama haongei," alisema. "Ananitazama tu. Nimeshaita gari la wagonjwa."

Mwenzangu mmoja wa kazini alinipeleka hospitali kwa gari lake. Nilifika saa nne na robo, mama ameshapigwa picha ya kwanza, ile ya CT. Daktari aliyetupokea alikuwa dada mmoja mdogo, umri wa binti yangu, nywele kazifunga kwa kalamu. Akanieleza upesi upesi, lakini kwa upole. Ni kiharusi. Damu haijavuja kichwani, hiyo ni heri. Mshipa mmoja umeziba. Iko dawa ya kuyeyusha hilo donge la damu, ila ni lazima aipate ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kilipoanza. Muda huo ukipita, dawa yenyewe inaweza kumpasulia mishipa, akavuja damu kwenye ubongo na kufa.

"Ni lini mara ya mwisho alikuwa mzima?" akauliza.

"Saa moja kasorobo," nikasema bila kufikiri. "Nilizungumza naye."

Akatazama saa ya ukutani. Saa moja kasorobo ukijumlisha saa nne na nusu unapata saa tano na robo. Tulikuwa na nafasi. Akamwambia muuguzi aandae dawa, na mimi nikaanza kuhema vizuri. Kisha akageuka na kuniuliza, kwa utaratibu tu, kama watu wa kazi yake wanavyofundishwa: je, alizungumza kama kawaida yake?

Hapo ndipo nilipokwama.

Nikaisikia tena ile sauti ya mbali. Nikaukumbuka ule ukimya, ile "Mm." Nikazikumbuka na zile salama za wiki tatu, wakati anaanguka huku na huku na ananiambia hajambo. Nikamwambia daktari kila kitu. Nikamweleza kwamba kwetu salama si habari, ni adabu. Kwamba mtu anaweza kuwa anakata roho na akasema salama. Kwamba mama huyu alishawahi kunifanyia hivyo na karibu afe. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia muuguzi asubiri.

"Kabla ya hiyo simu, ni lini?" akauliza.

Kabla ya hiyo simu ni usiku uliotangulia, alipotuaga na kwenda kulala. Mimi niliondoka alfajiri mlango wake umefungwa. Kama kiharusi kilimkuta usingizini, muda ulikuwa umepita kitambo.

Sasa nikajifunza jambo ambalo sikupenda kulijua. Picha ya CT, alisema daktari, inaona damu vizuri, lakini kiharusi kichanga cha mshipa kuziba mara nyingi haikioni. Ya mama ilikuwa nyeupe na kijivu tu, haisemi kitu. Picha inayokiona mapema ni ya MRI, na hiyo inaweza hata kudokeza umri wake, kama ni cha saa chache au cha tangu jana. Ingefaa apigwe sasa hivi. Lakini MRI ni sumaku kubwa, na mama ana betri kifuani. Betri nyingine zinaruhusiwa, nyingine haziruhusiwi. "Mna kadi ya hicho kifaa?" akauliza.

Kadi ilikuwa Tanga. Ilikuwa ndani ya kabati la mama, na kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo mama alikuja nao Kanada, ukiwa umefungwa kwenye pindo la kitambaa ndani ya mkoba wake, kwa sababu hakumwamini mtu. Nikampigia mdogo wangu Tanga. Kule ilikuwa jioni. Nikamwambia avunje kabati.

"Kabati la mama?" akasema. "Nivunje kabati la mama?"

"Vunja!" nikapiga kelele, na watu wote ukumbini wakageuka.

Wakati mdogo wangu anatafuta patasi, daktari akarudi na karatasi. Hospitali ilikuwa inafanya utafiti, alisema. Kuna kompyuta iliyofundishwa kwa kuonyeshwa wagonjwa wengi waliopigwa picha zote mbili, CT na MRI. Sasa ukiipa CT peke yake, inakutengenezea MRI ambayo mgonjwa angepigwa. Haitamgusa mama, haitamuumiza. Je, niko radhi?

"Inapiga au inachora?" nikauliza.

Akafikiri kidogo. "Inachora," alisema. "Inakisia. Lakini inakisia vizuri."

Nikatia sahihi. Siku ile ningetia sahihi hata hati ya kuuza figo. Dakika chache baadaye aliniita, akanigeuzia skrini. Ubongo wa mama ulikuwa pale, au tuseme ubongo ambao kompyuta ilidhani mama anao, na upande wa kushoto kulikuwa na doa jeupe, dogo kama kunde. Akanionyesha picha ya pili, ya aina nyingine, mahali palepale. Doa halikuwepo.

"Ingekuwa MRI ya kweli," alisema polepole, "doa kuonekana hapa na kutoonekana pale kungenifanya niseme hiki kiharusi ni kichanga. Cha saa chache."

"Basi mpe dawa."

"Siruhusiwi." Akaniwekea kidole juu ya skrini, kwenye maandishi mekundu yaliyosema picha hii ni ya utafiti, si ya matibabu. "Hii si picha ya mama yako. Ni dhana juu ya mama yako. Nikimpa dawa kwa dhana na ikawa si kweli, nitakuwa nimemuua."

Nilimchukia wakati ule, ingawa alikuwa anasema haki. Nilikuwa naliona doa kwa macho yangu. Nimebeba mizigo maisha yangu yote huku, sijui kusoma picha za vichwa, lakini lile doa lilikuwa pale mbele yangu na mtu ananiambia nisilione. Akataja njia nyingine mbili za kupima, kisha mwenyewe akasema hazifai kwa mama; sikuzishika. Mwishoni akainama karibu yangu.

"Picha siwezi kuitumia," alisema. "Ninachoweza kutumia ni saa. Ukinihakikishia kwamba alikuwa mzima saa moja kasorobo, nampa dawa sasa hivi. Wewe ndiye uliyezungumza naye. Alikuwa mzima?"

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano kasoro dakika tano. Mke wangu alinishika kiwiko.

"Sema alikuwa mzima," alininong'oneza kwa Kiswahili, huku anamtabasamia daktari. "Wewe sema tu, basi!"

"Na kama hakuwa mzima?"

"Alisema salama."

"Mama na salama yake unamjua. Damu ikivuja kichwani, nani atajibu? Wewe?"

Mke wangu akaniachia kiwiko. Yeye hutunza wazee, ameshaona watu wakivuja damu kichwani. Alikaa chini akajifunika uso na mtandio.

Nikamwambia daktari, "Sijui." Nilisema kwa Kiingereza, maneno matatu, na nikaona anavyoyapokea. Hakunilaumu. Akaenda kumfunika mama shuka vizuri.

Saa tano na robo ilipita nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Hakuna kengele iliyolia. Saa sita kasorobo mdogo wangu alinitumia picha ya kadi. Betri ilikuwa ya zamani, ya aina isiyoruhusiwa, kwa hiyo na lile kabati tulilivunja bure. Mama alikuwa ananitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kumshika mkono nilimgombeza tena. Nilimwambia, mficha maradhi kilio kitamfichua, mama, nilikwambia miaka yote, si ungeniambia tu asubuhi kwamba hujisikii vizuri? Chozi lilimtoka jicho moja. Nilifikiri anajuta.

Saa kumi jioni mke wangu alinituma nyumbani nikachukue nguo za mama, dawa zake na simu yake, ambayo hakuja nayo. Lifti ilikuwa nzima. Nikaingia, nikakusanya nguo chumbani, nikaitafuta simu kitandani, sebuleni, chini ya kochi. Haikuwepo. Ndipo nikaingia jikoni, ambako hakuna aliyekanyaga tangu asubuhi, maana mke wangu aliishia sebuleni.

Juu ya meza palikuwa na sinia limefunikwa kitambaa cheupe. Nikafunua. Yalikuwa madonge ya chapati, ishirini, yamepakwa mafuta na kuviringishwa moja moja, yamepangwa mistari minne ya matano. Yalikuwa yameanza kukauka ngozi. Pembeni ulikuwepo mfuko wa unga, umekatwa pembe. Mfuko ule niliununua mimi jana yake baada ya unga wa ndani kuisha, na alfajiri nilipotoka niliuacha hapo mezani haujafunguliwa. Nilikumbuka kwamba juzi yake mama alisema atampikia chapati yule jirani Mkongo wa ghorofa ya nne aliyejifungua. Kukanda, kukata, kusukuma, kupaka mafuta, kuviringisha: hakuna mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja. Yote ishirini yalikuwa sawasawa.

Simu ilikuwa rafuni, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Kwenye kioo chake palikuwa na alama mbili za unga uliokauka, alama za kidole. Moja ilikuwa pale unapogusa kupokea. Ya pili ilikuwa pale unapogusa kuwasha spika.

Nilisimama nikizitazama alama hizo mpaka nikaelewa yote. Simu iliita muda mrefu kwa sababu mikono yake ilikuwa ndani ya unga. Sauti ilitoka mbali kwa sababu simu ilikuwa rafuni na yeye yuko mezani. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anakanda, na mtu akikanda unga wa chapati pumzi yake yote iko mikononi. Saa moja kasorobo mama yangu alikuwa mzima wa afya. Nilimuuliza ameamkaje akaniambia kweli, na mimi, mtu mmoja tu duniani ambaye neno lake lilikuwa linahitajika siku ile, nilisimama mbele ya daktari nikasema haaminiki. Alipomaliza kuviringisha, akanawa mikono, akaenda sebuleni kukaa kidogo unga upumzike. Huko ndiko kiharusi kilikomkuta.

Nililia jikoni mle kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu. Kisha nikafanya jambo la kijinga. Nikawasha jiko, nikasukuma donge moja, nikalipika. Lilikuwa limechacha. Nililila lote nimesimama.

Kesho yake walimpiga mama CT nyingine, na safari hii kiharusi kilikuwa kimekomaa, kinaonekana hata kwa CT. Daktari akaiweka ile picha ya kompyuta pembeni yake. Doa lilikuwa palepale, upande uleule. Nikamsimulia habari ya unga. Alisikiliza, akaitoa ile kalamu kwenye nywele, akairudisha. Akasema sikuwa na njia ya kujua. Alisema pia kwamba ipo siku picha kama zile zitakubaliwa, na kwamba ya mama itakuwa mojawapo ya zilizosaidia. Nilimshukuru kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Moyoni nilikuwa nawaza kwamba ile kompyuta, isiyomjua mama wala Tanga, ilimwamini kuliko mimi.

Sasa ni mwezi wa pili yuko kwenye hospitali ya mazoezi. Mguu umeanza kuitika, mkono bado. Maneno yamempotea karibu yote. Yamebaki mawili, marahaba na salama. Mtaalamu wa matamshi alitueleza kwamba maneno ya mazoea hayapotei upesi, mtu huyasema bila kuyatafuta, kwa hiyo tusiyahesabu kuwa majibu. Mama anasema salama akitaka maji. Anasema salama akiumia bega. Wauguzi wamelishika neno, wanadhani maana yake ni asante, nao humjibu "Salama, salama" wanapotoka. Mimi nimeomba zamu ya mchana ili asubuhi niwe naye.

Juzi mtaalamu alisema tumpe kitu laini cha kubonyeza, kuuzoesha ule mkono. Mke wangu akakanda donge la unga wa ngano, nikalipeleka ndani ya kopo. Nikaliweka kwenye meza yake ya kitandani. Mama alilitazama, akalivuta kwa mkono wa kushoto na kuanza kulisukuma kwa kiganja, taratibu, huku ule wa kulia umelala pembeni haujui kitu. Nikamwinamia.

"Mama," nikamwambia, "ile asubuhi nilipokupigia ulikuwa unakanda. Ulikuwa mzima kabisa. Sivyo?"

Akaacha kukanda. Akanitazama kwa muda, mdomo ukahangaika upande mmoja.

"Salama," akasema.

Nilimwamini. Nilimwamini palepale, bila swali la pili, na haikusaidia kitu.